Sensa ya Shibe

Ipo nchi moja ambayo msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa ng'ambo kuchapishwa kwa rangi, na ujumbe uliotumwa kuifuata umenogewa na posho za safari. Ni nchi njema kabisa. Watu wake wana adabu, na serikali yake inawapenda kiasi kwamba inajua wanachotaka hata kabla wao hawajakitaka. Mimi sina la kuongeza wala la kulaumu. Nasimulia tu yaliyotokea, na atakayeona yanafanana na ya kwao, hayo ni macho yake.

Humo aliishi Sudi Kirumbi, fundi wa miamvuli wa mtaa wa Mikorosho. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa ukame mkali, na fundi wa miamvuli wakati wa ukame ni kama kinyozi katika mji wa wenye vipara. Asubuhi alifungua kibanda, akapanga vishikio na vyuma vyake vizuri, kisha akashinda akipiga miayo. Mara mojamoja alipita bibi harusi aliyetaka mwamvuli wa mapambo, au mzee aliyeogopa jua. Kipato chake kilikuwa hicho, na bei ya unga ilikuwa haishikiki.

Ufukara angeuvumilia. Kilichommaliza ni kwamba hakujua kupika. Wako wanaume wanaosema hawajui kupika kwa maringo, ili wapikiwe. Sudi hakujua kwa moyo mweupe. Aliwahi kusonga ugali ukatoka mabonge ambayo ukiyapasua yanatoa vumbi, maana unga wa ndani haukupata habari za maji. Aliwahi kuchemsha maharage mchana kutwa, mkaa ukamwishia, akayala vivyo hivyo, na majirani wakamsikia akitafuna ng'ambo ya ukuta. Mchicha wake ulikuwa na mchanga. Chai yake ilinukia vitunguu, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini.

Aliyemweka hai alikuwa Bi Mwanatumu, mjane aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na bomba la maji la mtaa. Mali yake ilikuwa masufuria makubwa meusi, benchi moja refu, na bakuli la pilipili iliyosifika hadi mitaa ya mbali. Alipika ugali, maharage ya tui jepesi, na dagaa siku za neema. Kwa wale waliotoboka mfuko aliweka ukoko. Aliukwangua kwenye sufuria, akaulainisha kwa mchuzi wa maharage, na akauuza kwa bei ndogo sana, iliyowekwa tu ili mlaji asione haya ya kupewa bure. Sudi alikuwa mteja mkuu wa ukoko.

"Shangazi, leo umeungua zaidi," angesema.

"Nimeuunguza kwa ajili yako, baba. Kula, ukakae na miamvuli yako."

*

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya nchi ile, maana bila hiyo hamtaona jinsi serikali ilivyofanya kazi nzuri.

Kule, mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Aliyekaribishwa, hata kama tumbo limeshikana na mgongo, lazima aweke mkono kifuani na kusema, "Ahsante, nimeshiba." Akiitikia haya papo kwa papo, ukoo wake wote unaingia fedheha na dada zake hawaposwi. Mwenye chakula naye hakubali. Anakaribisha mara ya pili: "Aa, usione haya bwana, sogea." Hapo mgeni anaruhusiwa kulegea kidogo: "Basi labda nionje tu." Mwenyeji anamaliza kwa kusema, "Nawa mikono." Mgeni ananawa, anaonja, na sahani inarudi nyeupe pe. Kila mtu anaijua njia hiyo, na hakuna aliyewahi kufa kati ya karibu ya kwanza na karibu ya pili.

Mlezi Mkuu, ndivyo alivyoitwa kiongozi wa nchi, alisikia tetesi kwamba kuna njaa. Alizisikia kwenye redio ya nchi jirani, kwa kuwa redio ya nchi yake ilikuwa inapiga matarumbeta. Akamwita Waziri wa Shibe na Ustawi wa Matumbo, Mheshimiwa Profesa Lugendo, ambaye alimjibu kwamba tetesi haziondolewi kwa maneno ya mitaani bali kwa sayansi. Akaomba magari, maafisa na pilau.

Pilau ndiyo iliyokuwa kipimo.

"Ndugu waandishi wa habari," alisema Profesa akijifuta mdomo kwa leso, "wenzetu duniani hupima njaa kwa kuuliza maswali. Hilo ni kosa la kitaaluma. Mdomo unaweza kudanganya, lakini mkono hauwezi kudanganya mbele ya pilau. Afisa wetu atafika mlangoni, atafunua sinia, atasema karibu. Atakayekula ana njaa. Atakayekataa ameshiba. Nani ana ubishi na hilo?"

Mwandishi mmoja aliuliza wananchi watakaribishwa mara ngapi.

"Mara moja," alisema Profesa. "Kukaribisha mara mbili ni kushawishi matokeo."

Wote waliokuwa ndani ya chumba kile walizaliwa na kulelewa katika desturi ileile, Profesa mwenyewe akiwamo. Lakini walikuwa kazini, na katika nchi ile mambo ya nyumbani huachwa getini kwa mlinzi. Mkutano ulipomalizika waandishi walikaribishwa vitafunio. Wakasema wameshiba, wakaenda zao wakimeza mate, na magazeti ya kesho yake yakasifu mbinu mpya.

*

Afisa aliyepangiwa mtaa wa Mikorosho aliitwa Mshindo, kijana mrefu mwenye suti iliyomkaa vizuri mwanzoni mwa sensa. Alimkuta Sudi barazani saa za mchana. Siku hiyo Bi Mwanatumu hakupika kwa kukosa mkaa, na Sudi alikuwa hajatia kitu mdomoni ila maji na kipande cha muhogo mbichi.

Mshindo akafunua sinia. Mvuke ukapanda na iliki na mdalasini. Zilikuwamo mbavu za mbuzi, viazi vilivyokaangwa vikabadilika rangi, na kachumbari pembeni. Sudi aliona nyota mchana.

"Karibu chakula," alisema Mshindo kwa sauti ya serikali.

Kila kiungo cha Sudi kiliitikia ndiyo. Lakini alikuwa na marehemu mama yake, na mama huyo alisimama ndani ya kichwa chake akiwa na kandambili mkononi. Sudi akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu tabasamu la mtu aliyetoka kwenye harusi mbili kwa mpigo.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Nimeshiba. Nimeshiba mpaka hapa," akaonyesha shingoni.

Kisha akangoja karibu ya pili. Alikwisha hata kuusogeza mguu kuelekea birika la kunawia.

Mshindo akafunika sinia. "Imepokelewa," alisema, machozi yakimlengalenga kwa jinsi jibu lile lilivyompendeza, akaenda mlango wa pili. Sudi alibaki akinusa hewa. Harufu ilichelewa kuondoka, naye alihakikisha hakuna iliyopotea bure.

Mtaa mzima ukajibu vivyo hivyo, na miji yote, na vijiji vyote. Jioni maafisa walirudi na masinia yamejaa kama yalivyotoka. Kwa kuwa kutupa mali ya umma ni kosa la jinai, wakala wao. Kazi hiyo ilikuwa nzito, lakini waliipenda nchi yao, na wao wenyewe ndio walioomba sensa iongezwe muda, na ikaongezwa, na suti ya Mshindo ikabidi ipanuliwe na fundi.

Nchi nzima alipatikana mwenye njaa mmoja tu, mtoto mchanga aliyetumbukiza mkono kwenye sinia kabla mama yake hajamdaka. Profesa alieleza kwamba matokeo ya mtoto huyo yamewekwa kando kwa sababu ya umri, na mama akaonywa kuhusu malezi.

*

Taifa likatangazwa kwamba limeshiba. Mizinga ikapigwa. Mahindi ya ghala la akiba, ambayo sasa hayakuwa na wa kuyala, yakauzwa nje, na fedha zake zikanunua matarumbeta mapya ya kutangazia habari hizo.

Hapo Profesa Lugendo, ambaye akili yake haikuwahi kupumzika, akagundua hatari. "Kibanda cha chakula cha bei nafuu ni kashfa kwa taifa lililoshiba," alihutubia. "Mgeni wetu akipita akawaona wananchi wamekaa kwenye benchi wakila ukoko, atatufikiriaje? Atadhani wanakula kwa sababu wana njaa!"

Amri ya muda ikavifunga vibanda vyote na masufuria yakapigwa lakiri. Siku ya Sherehe ya Shibe, Mlezi Mkuu angetia sahihi Sheria ya Shibe, na hapo masufuria yote yangepelekwa Makumbusho ya Njaa ili watoto waone watu wa kale walivyotaabika.

Aliyekuja na lakiri Mikorosho alikuwa Mshindo.

"Mwanangu," Bi Mwanatumu alimwambia, "masufuria haya nimelelea watoto na kumzikia mume. Ukiyapeleka makumbusho, mimi unanipeleka wapi?"

"Unaweza kuomba na wewe, mama," alisema Mshindo kwa upole. "Nasikia watahitaji mtu wa kusimama kando yake."

Alipoondoka, Bi Mwanatumu aliketi kwenye benchi lake tupu akashika tama. "Wakiyachukua narudi kwa kaka yangu huko bara," alimwambia Sudi. "Kaka atanipokea. Lakini mkewe atanihesabia matonge mpaka nife."

Sudi aliumia sana. Aliumia kwa ajili ya mama yule na, nisifiche, aliumia pia kwa ajili ya tumbo lake. Bila kibanda kile angekuwa mikononi mwake mwenyewe, na mikono yake alikuwa anaijua.

*

Amri ilimkataza Bi Mwanatumu kuwapikia watu. Haikumkataza kusema. Basi akawa anakaa upande wake wa ua wa makuti uliotenganisha nyumba zao, Sudi upande wa pili mbele ya jiko lake, na masomo yakaanza.

"Injika maji."

"Nimeinjika."

"Yakichemka, tia unga kidogo uwe uji kwanza."

"Nitajuaje yamechemka, shangazi?"

"Yatakuambia yenyewe."

Sudi akainama, akayategea sikio.

"Yanasemaje?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Yananung'unika tu."

"Ngoja yapige kelele. Haya. Sasa ongeza unga, songa. Songa kwa nguvu! Kwa mwiko, Sudi, si kwa kijiko cha chai!"

"Umejuaje?"

"Nakisikia."

Ulitoka ugali ulioiva upande mmoja. Sudi aliukata, akapitisha kipande kwenye tundu la ua. Bi Mwanatumu alitafuna muda mrefu, akameza kwa kujikaza.

"Unakuja," alisema. Hakufafanua unatoka wapi.

Maharage yalikwenda vibaya zaidi. Aliambiwa ayaloweke tangu jana yake na kumwaga maji ya kwanza. Akayaloweka, akamwaga maji, na akamwaga na nusu ya maharage. Njaa ilianza kumkaba sawasawa. Alikonda hadi mkanda ukaisha matundu. Bi Mwanatumu naye alikonda, kwa kuwa alikuwa akila kilichobaki kwenye biashara yake, na biashara haikuwapo tena.

*

Asubuhi moja gari refu jeusi lilisimama mbele ya kibanda cha miamvuli. Mshindo akashuka akiwa amechangamka. Katika majibu yote ya sensa, alisema, la Sudi ndilo lililotia fora, na kwa pendekezo lake yeye Mshindo, wizara imemteua kuwa Mshibaji Bora wa Taifa. Siku ya Sherehe atasimama mbele ya Mlezi Mkuu, atakaribishwa kwenye sinia la Mlezi Mkuu mwenyewe, naye atakataa kama alivyokataa siku ile. Kisha sheria itatiwa sahihi.

Sudi hakuisikia sehemu ya sheria. Aliwaza jambo moja tu: palipo na serikali pana chakula. Akaingia garini.

Alipelekwa nyumba ya wageni yenye mazulia. Akanawa mikono, akangoja. Chakula cha mchana hakikuja, cha jioni hakikuja, na alipouliza, mratibu wa sherehe alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mheshimiwa Mshibaji," alisema, "ukila, sisi tutasema nini? Kumlisha Mshibaji Bora ni kuyapinga matokeo ya sensa."

Mazoezi yakaanza. Aliletwa mtaalamu wa ishara kutoka chuo kikuu kumfundisha kupapasa tumbo.

"Si hivyo, hivyo ni kuumwa. Taratibu, kwa kuridhika. Sasa cheua kidogo."

"Sina cha kucheua, mwalimu."

"Jaribu."

Sudi alijaribu. Ikatoka sauti ya mlango unaofunguka. Mtaalamu alitikisa kichwa, akaamua sehemu hiyo ichezwe na tarumbeta. Kisha wakaona Mshibaji mwenyewe haonekani vizuri akitazamwa ubavuni, wakamfunga mto mdogo tumboni chini ya kanzu. Kwa mara ya kwanza maishani Sudi alikuwa na kitambi, na kilikuwa cha sufi.

Asubuhi ya Sherehe Profesa Lugendo alikuja kumpa mkono wa kheri. "Fundi, leo ni neno moja tu, nimeshiba, na historia inaandikwa," alisema. "Na nimekufanyia heshima. Masufuria ya yule mama jirani yako yatawekwa mbele kabisa makumbusho, ndani ya kioo, na jina lako chini yake."

Hapo ndipo lilipomwingia. Mdomo wake mwenyewe ndio utakaoyapeleka yale masufuria. Alikaa kitandani na mto wake, akaapa moyoni kwamba neno lile hatalisema.

*

Uwanja ulijaa. Pembeni yalisimama malori yenye masufuria yaliyopigwa lakiri, na mbele ya kila lori wenye masufuria, akina mama wa vibanda vya mji mzima, walioletwa ili wayaage. Sudi alimwona Bi Mwanatumu kati yao. Alikuwa amevaa khanga yake ya kuendea harusini, na ameuma pindo lake.

Profesa Lugendo alihutubia. "Zama za kutafuna zimepita!" alinguruma. "Wazee wetu walikula ili washibe. Sisi tumeshiba bila kula! Ni taifa gani jingine duniani limeweza hayo?" Watu wakapiga makofi kwa uangalifu, maana kupiga makofi kwa nguvu kulikuwa kunawatia kizunguzungu.

Katikati ya uwanja palitandikwa mkeka. Mlezi Mkuu aliketi juu yake, mzee mnene mwenye uso uliochoka, na mbele yake sinia la pilau lililofanya la Mshindo lionekane la msibani. Kando, juu ya mto wa mahameli, ilikuwapo Sheria ya Shibe na kalamu.

Sudi akasogezwa mbele ya kipaza sauti. Mlezi Mkuu alifinyanga tonge lake la kwanza, akainua uso.

"Karibu chakula, ndugu mwananchi."

Na Sudi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiapa kwamba hatasema, alisikia mkono wake ukipanda kifuani wenyewe.

"Ahsante, Mheshimiwa. Nimeshiba."

Uwanja ukalipuka. Matarumbeta yakalia. Profesa aliichukua kalamu kwa mikono miwili, akapiga goti kuikabidhi. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa bado anamtazama yule mtu mwembamba mwenye kitambi. Kabla ya kuwa Mlezi Mkuu alikuwa mtoto wa mtu, na mtu huyo alimlea vizuri. Mdomo wake ukafunguka bila kuitisha kikao.

"Aa, usione haya bwana," alisema. "Sogea."

Tarumbeta moja ilikatika katikati ya sauti. Profesa alipauka. "Mheshimiwa, kwenye ratiba hakuna..." Kisha akamgeukia Sudi, akanong'ona kwa haraka, "Sema utaonja tu! Kuonja si kula! Onja, tumalize!"

Kwa desturi hilo ndilo lilikuwa jibu, na Sudi alikwisha kulifungulia mdomo. Angeonja, wangesema Mshibaji ameonja kwa heshima, kalamu ingetembea, na malori yangewasha injini. Alimtazama Bi Mwanatumu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto, kwa sababu alilotaka kusema hakuna mtu mzima aliyewahi kulisema nchi ile, tena kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, nimekudanganya," alisema. "Sijashiba. Nina njaa. Nilikuwa na njaa siku afisa alipokuja na sinia, na tangu nimekuwa Mshibaji Bora ndiyo imezidi. Huu ni mto."

Akauchomoa, akauweka juu ya mkeka.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, tena kutoka jukwaa la waheshimiwa, ya mke wa mkuu wa mkoa: "Hata mimi!" Mumewe alimvuta shungi, lakini wa pili alikuwa amekwisha kusema, na wa tatu, halafu ikawa kama mvua inapoanza juu ya bati, tone hapa, tone pale, mpaka hamuwezi tena kusikilizana.

Mlezi Mkuu aliyasikiliza yote. Kisha akamsogezea Sudi birika.

"Nawa mikono," alisema. Na alipokuwa akimmiminia, akasema kwa sauti ya chini, ambayo kipaza sauti kiliichukua: "Tangu nikae kwenye kiti hiki, kila ninayemkaribisha ananiambia ameshiba. Mimi nikafikiri chakula changu ndicho kibaya."

Wakala. Sudi alikula kwa mikupuo, kisha akakumbuka adabu, kisha akaisahau tena.

Profesa Lugendo alisubiri kadiri alivyoweza. Hatimaye akapenyeza karatasi na kalamu. "Mheshimiwa, sahihi tu, halafu mtaendelea."

Mlezi Mkuu aliuangalia mkono wake wa kulia, uliokuwa umelowa mafuta na wali mpaka kifundoni. "Unataka nitie sahihi sheria ya nchi kwa mkono wa kushoto?"

Profesa alirudi nyuma kwa hofu. Hakuna mtu mwenye wazazi ambaye angependekeza jambo kama hilo.

"Basi Mheshimiwa akishamaliza kula," alisema.

Lakini Mlezi Mkuu hakumaliza. Sinia lilipoisha aliagiza vyakula vilivyoandaliwa kwa ajili ya mawaziri, na magunia ya mchele ya kamati ya maandalizi, na akina mama wakabandua lakiri wakainjika palepale uwanjani. Yeye mwenyewe akawa anakaribisha watu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema ameshiba. Kila mmoja alikaribishwa tena. Kila mmoja alisema ataonja tu. Kwa watu wenye adabu kiasi kile, shughuli hiyo huchukua muda, na jua likazama mkono wa Mlezi Mkuu ukiwa bado una mafuta. Katiba ya nchi ile inasema sheria isiyotiwa sahihi kabla ya jua kuzama hufa pamoja na siku yake. Bi Mwanatumu alirudi Mikorosho juu ya lori, amekaa katikati ya masufuria yake, anaimba.

*

Msidhani serikali iliaibika. Serikali ya nchi ile si ya kuaibishwa na jambo dogo. Redio ilitangaza kwamba Mlezi Mkuu ameigundua njaa, na kwamba hakuna kiongozi yeyote aliyemtangulia kwa ugunduzi huo. Wizara ya Shibe ikawa Wizara ya Njaa, waziri yuleyule, gari lilelile, kibao tu ndicho kilichopakwa rangi upya. Profesa Lugendo akaagiza sensa nyingine. Safari hii maafisa walitumwa na masinia matupu, ili wasishawishi matokeo, na mlangoni waliuliza, "Una njaa?" Wananchi, wenye adabu zao, walijibu, "Kidogo tu." Taarifa ikaandikwa kwamba taifa lina njaa kidogo, ambayo inadhibitika.

Jambo moja Profesa hakulifikiria. Masinia yakiwa matupu, jioni maafisa walirudi hawana cha kula.

Mshindo alitokea kwenye kibanda cha Bi Mwanatumu siku moja mchana, sinia kwapani, suti imemlegea mabegani. Benchi lilijaa. Bi Mwanatumu alikuwa anasonga ugali, na Sudi, kwa kuwa mvua ilikuwa bado na miamvuli haina wateja, alikuwa anapakua. Kupika alikatazwa kabisa.

"Ndugu, una njaa?" Mshindo aliuliza. Ilikuwa bado sauti ya serikali, lakini imepungua kilo.

Macho ya kijana yalikuwa kwenye sufuria ya maharage na yalikuwa hayatoki. Sudi akachukua sahani, akaweka ugali, akamwagia maharage, akapanga dagaa juu, akaitua mbele yake. Watu wakasogea, nafasi ikapatikana.

Mshindo akapandisha mkono kifuani. "Ahsante, nime..."

"Sikukukaribisha," alisema Sudi. "Kula."

Jibu la hilo kijana hakuwa amefundishwa, nyumbani wala kazini. Akaliweka sinia tupu chini, akakaa, akala bila kuinua uso, na sahani ilipokwisha Bi Mwanatumu akamwongeza bila kumuuliza.